Springi za Nyuma za Gari Likokotalo Tela: Mashauri kwa Wakulima wa Kilosa na Mikumi

Karatasi hii yamhusu mkulima mwenye gari dogo la mizigo, au wakulima walioungana kununua gari moja, ambao wakati wa mavuno hufunga tela nyuma yake ili kupeleka mahindi, mpunga, ufuta, mbaazi au vitunguu ghalani na sokoni. Wenye malori makubwa wana mafundi wao na vitabu vyao. Hao hatuwasemi hapa. Wala mwenye Kirikuu hatumsemi, kwa kuwa gari lile ni la kubeba mzigo mdogo na si la kukokota.

Mambo aghalabu huwa hivi. Gari likifungwa tela lenye mzigo, nyuma huzama na mbele huinuka. Mwenyewe huliona, akaenda kwa fundi, naye fundi akamwambia, "Tuongeze springi." Springi zaongezwa, gari lasimama sawa, na mwenye gari afurahi. Juma la pili aongeza magunia matano, maana nyuma haizami tena. Kabla ya msimu kwisha ekseli imepinda, au tairi limepasuka, au gari limekataa kusimama mteremkoni. Fedha za mavuno zimekwenda kwa fundi, na pengine mtu amekufa. Chanzo chake ni kwamba springi zilinunuliwa kabla ya kujua ni uzito gani unaoikalia nyuma ya gari, na umetoka wapi.

UZITO WA TELA HUKAA WAPI

Tela ni za namna mbili. Tela la magurudumu manne, ambalo ekseli yake ya mbele hugeuka pamoja na mkono wa kuvutia, hujibeba lenyewe. Gari hulivuta tu, na ndoano haipati uzito ila kidogo sana. Ukiwa na tela la namna hii na nyuma ya gari inazama, usilaumu tela. Tazama mzigo ulio ndani ya bodi ya gari. Lakini tela la magurudumu mawili, ambalo ndilo lililoenea vijijini kwa kuwa ni rahisi kuundwa, hulaza sehemu ya mzigo wake juu ya ndoano. Sehemu hiyo ndiyo izamishayo springi.

Tena ndoano haiko juu ya ekseli ya nyuma. Iko nyuma yake. Kwa sababu hiyo gari huwa kama ubao wa pembea wachezeao watoto: ekseli ya nyuma ndiyo egemeo, ndoano yasukumwa chini upande mmoja, na magurudumu ya mbele yainuliwa upande wa pili. Basi tazama hesabu hii. Tuseme kutoka ekseli ya mbele hadi ekseli ya nyuma ni meta 3, na kutoka ekseli ya nyuma hadi ndoano ni meta 1 na senti 20. Mkono wa tela waikalia ndoano kwa kilo 200. Zidisha 200 kwa 1.2, kisha gawanya kwa 3; jibu ni 80. Hizo kilo 80 zimeondolewa juu ya magurudumu ya mbele, nazo zimehamia nyuma. Kwa hiyo ekseli ya nyuma haikupata kilo 200, bali imepata kilo 280. Ukipakia tela vibaya hata mkono ukawa na kilo 400, nyuma itapata kilo 560, na mbele itapoteza 160.

Twaomba uisome hesabu hiyo mara ya pili, maana ndani yake mna jambo ambalo wauza springi hawalisemi. Springi mpya zitainua bodi ya nyuma, na kwa macho gari litaonekana limepona. Walakini zile kilo 80 zilizotoka mbele hazirudi mbele kwa sababu ya springi. Egemeo ni lile lile na umbali ni ule ule. Magurudumu ya mbele ndiyo yanayogeuza gari, nayo ndiyo yafanyayo sehemu kubwa ya kazi ya breki. Mtu aliyewahi kupita katika udongo mweusi wa mbuga ya Mkata baada ya mvua anajua jinsi usukani unavyogeuka na gari likaendelea kwenda mbele kama halikusikia. Gari lenye mbele nyepesi hufanya vivyo hivyo hata mahali ambapo utelezi si mkubwa.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuupunguza uzito wa ndoani hadi kiasi kifaacho. Springi huja nyuma ya hapo.

NAMNA YA KUPIMA

Huhitaji chombo cha ajabu. Mizani ya ghala la chama cha wakulima, ile ya kusimamishia magunia, yatosha. Lisimamishe tela lenye mzigo wake mahali tambarare, uyazuie magurudumu kwa mawe mbele na nyuma, kisha uulaze mkono wake juu ya mizani kwa kimo kile kile cha ndoano ya gari. Usipoangalia kimo utapata hesabu ya uongo, maana mkono ukiinamishwa uzito huongezeka mbele.

Ikiwa mizani yako haifiki uzito huo, tumia ubao mgumu. Ncha moja ya ubao iwe juu ya jiwe, ncha ya pili iwe juu ya mizani, na mkono wa tela uulaze juu ya ubao karibu na jiwe, kwa theluthi moja ya urefu wa ubao. Hapo mizani husoma theluthi ya uzito. Uzidishe mara tatu. Ubao wenyewe nao una uzito, basi soma mizani kwanza ubao ukiwa mtupu, na hesabu hiyo uitoe kabla ya kuzidisha.

Uzito ufaao juu ya ndoano, kwa tela la magurudumu mawili, ni kama sehemu moja ya kumi ya uzito wote wa tela na mzigo wake, au zaidi kidogo. Tela la kilo 1,500 lilaze kama kilo 150. Pia usipite kiasi alichokiandika mtengenezaji wa gari kwa ajili ya ndoano. Kitabu cha gari hukitaja, na mara nyingine kibati kilichopigwa penye ndoano. Ikiwa sehemu ya kumi yazidi kiasi hicho, basi tela ni kubwa mno kwa gari lako, na hakuna springi ya kuligeuza neno hilo.

Wako watu ambao, wakiisha kuona nyuma inazama, hupakia magunia yote mwisho wa tela ili mkono uwe mwepesi. Hilo ni kosa kubwa kuliko lile la kwanza. Tela ambalo mkono wake ni mwepesi mno huanza kuyumba huku na huku kasi inapozidi, hasa penye mteremko na gari kubwa linapopita kando; nalo likianza kuyumba laweza kulipindua gari lenyewe. Ukikutwa na hali hiyo, achia mafuta polepole, shika usukani sawa, wala usikanyage breki kwa ghafula.

Kuhamisha gunia moja kuna faida kuliko watu wadhanivyo. Tuseme kutoka ekseli ya tela hadi ndoano ni meta mbili na nusu. Gunia la kilo 100 lililokuwa meta moja mbele ya ekseli ya tela, ukiliweka juu ya ekseli yenyewe, umeondoa kilo 40 ndoani. Kwa magunia mawili tu umeondoa kilo 80, na hukutumia hata shilingi. Vile vile ndani ya bodi ya gari: magunia yaliyosukumwa mbele, karibu na chumba cha dereva, hurudisha uzito kidogo juu ya magurudumu ya mbele, na yale yaliyorundikwa penye mlango wa nyuma hufanya kazi moja na mkono wa tela.

Hapa tuseme neno juu ya lumbesa. Desturi hiyo humwibia mkulima sokoni, na kila mtu anajua. Barabarani humwibia tena, kwa kuwa gunia lililoshonewa kilemba halina uzito ujulikanao, na dereva ahesabuye magunia ishirini kuwa kilo elfu mbili huenda amepakia zaidi sana bila kufahamu. Mwenye kutaka hesabu za karatasi hii zimfae, na apime magunia yake.

JE, WAHITAJI SPRINGI?

Pima kwa futi au kwa kamba iliyotiwa fundo. Gari likiwa tupu, pima kutoka katikati ya gurudumu la nyuma hadi ukingo wa bodi ulio juu yake, pande zote mbili. Kisha tazama chini, upime pengo lililopo kati ya ekseli na raba iliyofungwa chesisini ambayo ekseli huigonga gari likiingia shimoni. Pakia mzigo wako wa siku zote, ufunge tela, upime tena.

Ikiwa gari tupu linaelemea upande mmoja, au mabapa ya springi yamenyooka kabisa hali hakuna mzigo, springi zako zimechoka. Hapo si habari ya kuongeza, ni habari ya kubadili. Tafuta pia bapa lililovunjika, maana mara nyingi huvunjika ndani, penye sentabolti, mahali ambapo matope hulificha. Ikiwa springi ni nzima na pengo la raba likiwa na mzigo limebaki kiasi cha nusu ya lile la kwanza, kwa maoni yetu huna haja ya kununua kitu. Ikiwa ekseli inakaribia raba au inaigonga kila shimo, ingawa uzito wa ndoani umekwisha kusawazishwa na ekseli haikupita kiasi chake, basi ndipo wakati wa kuongeza springi.

KUCHAGUA

Magari mengi ya kazi yatumikayo kwetu, kama Hilux, Land Cruiser za bodi na Canter, yana springi za mabapa nyuma, yaani vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine na kufungwa pamoja kwa yubolti. Hizo ndizo tutakazozisema.

Njia iliyozoewa ni kuongeza bapa moja katika kila springi. Ni rahisi, na fundi wa Kilosa au Mikumi huweza kuifanya kwa siku moja. Lakini yakupasa kujua tabia ya chuma. Ugumu wa bapa haufuati unene wake sawasawa. Bapa lenye unene mara mbili ya jingine, kwa upana na urefu ule ule, ni gumu mara nane. Hata bapa lililozidi unene kwa robo tu hukaribia kuwa gumu mara mbili. Kwa hiyo fundi akikuletea bapa nene lililotolewa katika lori kubwa, akasema, "Hili halitakufa," ujue kwamba atakupa gari la mawe. Tena bapa nene likikunjwa sawasawa na membamba yaliyo jirani yake huumia zaidi kuliko hayo, na ndilo litakalovunjika kwanza. Chagua bapa lenye unene ulio sawa na wa wenzake, na mviringo wake ukaribiane na wao.

Ubaya wa njia hii ni kwamba bapa la nyongeza hufanya kazi kila siku, hata siku zisizo na mzigo. Mkulima hubeba mavuno miezi michache; miezi mingine gari huenda na watu wawili na debe la mafuta. Nyuma ikiwa ngumu, gari tupu hurukaruka, tairi hupoteza udongo, na akina mama waliokaa nyuma hushuka wakishika viuno. Matenga ya nyanya nayo hayapendi springi ngumu.

Kwa sababu hiyo sisi twaona ya kuwa mkulima mwenye mzigo wa msimu afadhali atumie springi saidizi, yaani zile ambazo hazigusi kitu gari likiwa tupu. Katika malori madogo hukaa juu ya springi kuu, na ncha zake hukutana na vishikio vya chesisini pindi nyuma inaposhuka kiasi fulani. Katika pikapu nyingi bapa saidizi liko chini kabisa, limenyooka, na hungoja mabapa ya juu yalishukie. Gari likiwa tupu hupanda laini. Likipata mzigo, springi ya pili huamka. Kabla ya kununua, angalia kama gari lako halikuja nazo kutoka kiwandani. Huenda zipo, lakini mtu wa kwanza alivifungua vishikio vyake akavitupa, na unachohitaji ni vishikio tu.

Ziko pia raba nene zenye uwazi ndani, zifungwazo mahali pa zile raba za kugonga. Hazina mashine wala hewa, hazihitaji matunzo, nazo hufaa kwa gari linalozama kidogo tu. Kwa mzigo mkubwa si dawa.

Na iko mifuko ya hewa, ambayo hukaa kati ya ekseli na chesisi na kujazwa kwa pampu kama tairi. Sifa yake ni kwamba waweza kuongeza hewa siku ya mzigo na kuipunguza siku ya safari tupu. Ni kitu kizuri kwa mtu akaaye karibu na duka la vipuri na barabara ya lami. Kwa mkulima wa Zombo au Masanze hatukisifu sana. Jiwe huutoboa mfuko, bomba la moshi lililo karibu huuchoma, na siku upande mmoja unapopasuka gari lenye mzigo hulala upande. Ukiamua kuinunua, kila mfuko uwe na mrija wake wa hewa, maana mifuko miwili iliyounganishwa kwa mrija mmoja hupeana hewa penye kona, na gari huzidi kuinama. Wala usiende na mfuko mtupu. Mtengenezaji huandika hewa iliyo ndogo kuliko zote, na hiyo lazima ibaki daima.

Mambo matatu tusiyoyataka kabisa ni kupachika gogo au kipande cha mti kati ya ekseli na chesisi, kuunga bapa lililovunjika kwa kulichomelea, na kuongeza springi upande mmoja tu kwa kuwa ndio ulioinama. Gogo hupeleka kila pigo la shimo moja kwa moja katika chesisi, nayo hupata ufa. Bapa la springi limepata nguvu yake kwa kutiwa moto na kupozwa kwa kipimo. Moto wa kuchomelea huiharibu kazi hiyo, na bapa huvunjika tena kando ya kiungo, pengine siku hiyo hiyo. Upande mmoja ukiwa mgumu kuliko mwenzake gari huvuta pembeni breki zikishikwa.

SPRINGI HAZIONGEZI NINI

Ekseli ina kiasi chake, kilichoandikwa katika kibati cha gari. Tairi lina kiasi chake, kilichoandikwa ubavuni kwa namba: 104 ni kilo 900 kwa tairi moja, 112 ni kilo 1,120, na 121 ni kilo 1,450, maadamu tairi lina upepo wake kamili. Springi mpya hazizibadili namba hizo hata kidogo. Mizani ya barabara kuu nayo haitazami kama gari limezama au limesimama wima. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika Tanzania tarehe 1 Machi 2019, magari ya kilo 3,500 na zaidi hupimwa, na kila ekseli hupimwa kwa uzito wake.

Breki ndizo za kuangaliwa kuliko vyote. Katika pikapu na malori madogo mengi mna valvu ya breki iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa fimbo nyembamba. Nyuma ikishuka, valvu hujua kwamba kuna mzigo, na huzipa breki za nyuma nguvu zaidi. Nyuma ikiinuka, huzipunguzia. Basi ukiiinua nyuma kwa springi mpya bila kuirekebisha fimbo ile, valvu itadhani gari ni tupu hali lina tani moja na tela. Mwambie fundi airekebishe, na kama haijui, mtafute mwingine anayeijua. Tena ikiwa tela lako halina breki zake lenyewe, uzito wake wote husimamishwa na breki za gari. Huko ndiko fedha zetu tungalizipeleka kwanza, kabla ya springi.

Haya si maneno ya kutisha tu. Barabara kuu iendayo Iringa hupita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, kwa mwendo wa kilometa 50 hivi. Nyati, twiga na tembo huvuka wapendapo, mchana na usiku. Matuta yaliyowekwa humo yana kazi yake. Walakini kila tuta huurusha mkono wa tela na kuuangusha juu ya ndoano, na pigo hilo ni zito kuliko uzito ulioupima mizanini. Pita matuta polepole kuliko mtu asiye na tela, na uache nafasi kubwa mbele yako. Usiku taa za gari lililozama nyuma humulika miti badala ya njia, na huwapofusha wanaokuja; zirekebishwe kila springi zikibadilishwa.

BAADA YA KUFUNGA

Yubolti zilizofunguliwa zisirudishwe. Nunua mpya, kwa kuwa za zamani zimekwisha kunyooka na hazibani tena sawasawa. Nati zake zikazwe kwa msalaba, kidogo kidogo, gari likiwa limesimama juu ya magurudumu yake. Baada ya safari ya kwanza yenye mzigo zikazwe tena, maana mabapa hukaa mahali pake na yubolti hulegea. Yubolti ikilegea, sentabolti hukatwa, na ekseli huhama. Utaijua kwa kuwa gari huenda upande kama kaa.

Tazama pia shokapu. Shokapu zilizochoka haziwezi kuituliza springi iliyo ngumu zaidi, na tela litacheza nyuma yako kila penye shimo. Mwisho, pima tena vile vimo vya nyuma, gari likiwa tupu na likiwa na mzigo, uviandike kwa rangi ndani ya mlango wa dereva pamoja na uzito wa mkono wa tela. Msimu ujao, kabla ya kupakia gunia la kwanza, vilinganishe.